Mkalimani wa Pindo

Tulikuwa tukimwita Waziri, na si kwa heshima. Mtoto wa kaka yangu alipofika kidato cha mwisho alikuwa ameshika wizara zote: katibu wa mdahalo, mweka hazina wa chama cha mazingira, naibu mwenyekiti wa drafti, na sijui kiongozi wa nini kwa maskauti. Beji zilimjaa kifuani mpaka sweta ikavutika upande. Sweta hiyo niliifuma mimi, kwa hiyo najua ninachosema.

Alikuwa akitaka chuo, tena chenye ufadhili. Kaka yangu alifariki akaniachia huyu binti na miwani yake, basi. Mimi ni fundi cherehani. Pasipo ufadhili, mtoto angekuja kukaa kwenye cherehani ya pili hadi mvi zimwote, na mimi sikumlea kwa ajili hiyo. Kwa hiyo aliposikia kwamba chuo kinaangalia pia mambo mwanafunzi anayoyafanya nje ya darasa, akayakusanya kama mtu anayeokota kuni mvua ikija.

Siku moja akarudi kutoka shule uso umemshuka. Akatupa mkoba.

"Shangazi, mwalimu wa ushauri amenidhalilisha."

"Amekugusa?" Mkasi nilikuwa nao mkononi.

"Hapana, jamani! Amesema nina vyeo kama baraza zima na kazi sina hata moja. Ameniuliza ni nani angelia kesho nikiacha hizo kamati. Nikakosa jina la kumtajia."

Nikacheka, naye akakasirika, akaingia chumbani akafunga mlango. Lakini lile swali lilimkaa. Wiki ileile mwalimu mmoja kiziwi alifungua chama cha lugha ya alama shuleni kwao, kila Jumamosi asubuhi, na Waziri akajiandikisha. Msimpongeze bado. Nilipomuuliza kwa nini, alinijibu bila haya: wanachama walikuwa wachache mno, uenyekiti angeupata chapuchapu.

Sasa, kwenye chumba changu cha kushonea nilikuwa na fundi mmoja kiziwi, mwanamke mkimya wa mikono myepesi, ambaye pindo zake huzioni hata ukiligeuza gauni ndani nje. Tulimwita Pindo. Kuna wateja walikuwa wakimwita bubu. Hao niliwarudishia vitambaa vyao. Mimi na yeye tuliongea kwa ishara za kazini tu: fupisha, ongeza, mteja amekuja, twende tukale. Tulikuwa tumekaa miaka meza moja na sikujua hata ana ndugu wangapi. Aibu, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Waziri akaanza kumjia Pindo kufanya mazoezi. Mwanzoni alikuwa kichekesho. Siku moja Pindo alicheka mpaka akalaza kichwa kwenye cherehani. Kumbe Waziri alikuwa amemwambia kwa mikono kwamba mama yake ni bata. Lakini yule mtoto ana kichwa kigumu, akikishika kitu hakiachii. Miezi ikapita, na nikaona mikono yake inakimbia, uso nao ukisema. Beji zikaanza kubaki nyumbani. Uenyekiti wenyewe akapewa mtoto mwingine na wala hakuutaja.

Mwalimu wao aliwapa sheria moja ambayo ilinikera sana. Mkalimani hasemi "anasema kwamba." Mtu akisema mimi, na wewe unasema mimi. Huongezi, hupunguzi, huweki sukari. Mara ya kwanza kuisikia ikitumika, mteja mmoja mnene alikuwa anataka sketi ipandishwe juu ya goti. Pindo akarusha mikono. Waziri, mbele ya mteja, uso mkavu, akasema: "Mimi nitaipandisha, mama, lakini ukikaa kwenye kiti watu wote watajua siri zako." Ala! Nilitaka ardhi inimeze. Mteja akamtazama mtoto, akamtazama Pindo, kisha akaangua kicheko. Akaleta vitambaa vingine vitatu.

Wakati huo Pindo alikuwa mjamzito. Mumewe ni dereva wa malori ya masafa marefu, wiki nyingine humwoni. Tulikubaliana kwamba uchungu ukianza mimi ndiye nitakayempeleka hospitali, na ndivyo ilivyokuwa. Ulianza asubuhi akiwa kwenye pasi. Kufika kule, mambo yakaharibika, wakamwingiza chumba cha upasuaji. Nikamtumia ujumbe mwalimu kiziwi, hakujibu. Nikapiga simu shuleni. Waziri akaja mbio na sare yake, soksi moja imeshuka, maana hospitali nzima hakukuwa na mtu mmoja anayeijua lugha ile, na Pindo kusoma hakusoma sana.

Niliitwa dirishani kulipia dawa na kumtafuta mume kwa simu, nikachelewa kule kwenye foleni zaidi ya saa mbili. Niliporudi nilimkuta daktari kwenye korido, kijana mwenye macho mekundu. Akaniambia mtoto hakupona. Alizaliwa hapumui, wakahangaika naye, wakashindwa. Nikashika ukuta.

"Mama yake anajua?"

"Ndiyo, alipozinduka tu nilimwambia. Yule binti alimtafsiria."

Nikaingia wodini nimejikaza kumkuta mtu aliyevunjika. Pindo alikuwa amelala, uso umechoka, na anatabasamu. Mikono yake ilikuwa inacheza taratibu juu ya shuka, anamwonyesha Waziri kitu fulani, anarudia, anatabasamu tena. Waziri amekaa kando ya kitanda kama kipande cha mti.

Hakuna mwanamke anayetabasamu hivyo akiwa ameambiwa alichoniambia daktari. Nikamvuta yule mtoto mkono hadi nje.

"Umemwambia nini?"

Akainama akaivuta soksi yake juu. "Kwamba mtoto yuko kwenye chumba cha joto. Kwamba watamleta."

"Mungu wangu! Daktari alisema hivyo?"

"Daktari alisema amefariki. Alikuwa ananitazama mimi, shangazi, hakumtazama yeye hata mara moja. Ananiambia mimi kana kwamba mtoto ni wangu. Na Pindo anaisubiri mikono yangu. Nikaiinua, ikakataa. Ikasema kitu kingine."

Hasira ilinipanda, na huruma ikaipanda hasira mgongoni. Mtoto wa shule! Nani anamtuma mtoto wa shule kubeba neno kama lile? Lakini mle ndani kulikuwa na mama, na kila dakika iliyopita ilikuwa inamzidishia kitu cha kupoteza.

"Rudi ukamwambie."

"Siwezi."

"Unaweza. Mimi mikono hiyo sina. Ningekuwa nayo ningekwenda mwenyewe sasa hivi."

Akajifuta pua kwa mkono wa sare, akarudi. Nilisimama nyuma yake nimemshika mabega. Mikono yake ikasema, ikasimama, ikasema tena. Pindo akamtazama. Akatazama mikono, akatazama uso, akanitazama mimi. Kisha ikamtoka sauti, yeye ambaye miaka yote sikuwahi kumsikia hata akiguna. Sauti ile sitaieleza.

Muuguzi akaja mbio. Pindo akawa anamrushia mikono, na muuguzi anauliza, "Anasemaje? Anasemaje?" Na mtoto wa kaka yangu, mwanafunzi, na beji moja ya skauti iliyosahaulika kwenye kola, akafungua mdomo akasema: "Nataka kumshika. Nipeni mwanangu nimshike. Mmemweka wapi? Mimi ndiye niliyembeba, nipeni." Mama mmoja wa kitanda cha jirani akajifunika kanga usoni. Muuguzi akaenda akamleta.

Baada ya hapo Pindo alikaa kwao muda mrefu, kisha akarudi kazini. Alikuwa anashona vilevile, pindo zilezile. Lakini Waziri akiingia, alikuwa anainamisha macho kwenye kitambaa. Mtu anayeongea kwa mikono ukimnyima macho umeshamfungia mlango na komeo. Mtoto akasema samahani mara ya kwanza, ya pili, na zote zikaanguka chini pasipo kuonwa.

Nilidhani ataacha. Mtu mwingine angeacha. Yeye akaja Jumamosi iliyofuata, akafagia, akaokota pini, akaenda. Na iliyofuata. Mimi mwenyewe nikajitia kwenye lile darasa la lugha ya alama, nikakaa kwenye dawati na watoto, magoti yanagonga meza, kwa sababu niliapa sitasimama tena mahali pa namna ile na mikono mitupu. Kuongea sikujua vizuri, mikono yangu mizito, ila kusoma ya Pindo nikaanza kusoma.

Ikafika siku mteja mmoja akaja mbogo, gauni la harusi limebana, anafoka. Pindo akainua macho, akamtazama Waziri kwa mara ya kwanza tangu hospitali. Akamwambia: niambie anachosema, chote. Waziri akamwambia chote, matusi na yote. Pindo akajibu. Tangu hapo wakafanya kazi pamoja, lakini mazungumzo ya kazi tu. Ile saa ya uongo kule wodini hawakuigusa.

Basi chuo kikamwita Waziri kwenye usaili wa ufadhili. Masharti yao: aje na mtu mmoja aliyehudumiwa naye katika shughuli aliyoitaja kwenye maombi, si mwalimu, si ndugu. Mlezi anaruhusiwa kukaa nyuma, afunge mdomo. Akaniambia amemwomba Pindo, na Pindo amekubali.

Nikaacha kukata kitambaa. "Una akili timamu? Kuna wazee viziwi wa mtaani uliowatafsiria kliniki, kuna yule kiziwi muuza viatu. Unampeleka mtu uliyemuumiza?"

"Hao niliwasaidia mara moja moja. Aliyenifundisha ni yeye."

"Atasema nini?"

"Sijui, shangazi. Sikumuuliza."

"Haya, basi angalau wewe mwenyewe ukiulizwa, waeleze habari ya hospitali. Waambie mtoto wa shule alivyosimama pale. Watalia wale! Ile saa iruke tu, nani atajua?"

Akanitazama kupitia ile miwani ya baba yake. "Ile habari si yangu. Siwezi kuiuza kununulia chuo." Nikamwambia ana kiburi. Tukala chakula cha jioni kila mtu anatazama sahani yake.

Chumba cha usaili kilikuwa na meza ndefu, jagi la maji, na pazia lililoshonwa ovyo. Wasaili walikuwa watatu: mama mtu mzima aliyekuwa mwenyekiti, bwana mmoja mwenye tai, na dada kijana wa kompyuta. Walimuuliza Waziri hili na lile, akajibu vizuri. Alipoulizwa tukio gani lilikuwa gumu kuliko yote, akasema, "Lipo, lakini lina mwenyewe, na sina ruhusa ya kulisema." Nikauma meno. Bwana wa tai akaandika kitu, na uso wake haukunipendeza.

Kisha wakamkaribisha Pindo. Mwenyekiti akauliza nani atatafsiri. Wakatazamana. Hakuna aliyefikiria. Chuo kizima, na hakuna aliyefikiria.

"Basi binti atafsiri mwenyewe," akasema bwana wa tai, akatabasamu. "Ingawa hapo anaweza kujisifu anavyotaka, sisi tutajuaje?"

Pindo akatafsiriwa hilo. Akalitafakari kidogo, akageuza kiti ili nami nimwone, akaanza.

Mikono yake ilikwenda polepole, na sauti ya Waziri ikaifuata. "Mimi ni fundi. Huyu alikuja kwangu kujifunza. Alikuwa anachekesha. Nilipojifungua, nilifanyiwa upasuaji, nikazinduka. Daktari akaja akaongea. Mimi nikatazama mikono."

Nikajua anakokwenda. Nilimtazama mtoto wangu mgongoni, na nasema ukweli, niliomba apunguze. Niliomba aruke. Neno moja tu angelilainisha, watatu wale wangeitikia kwa vichwa wakampa chuo, na mimi ningekufa na siri hiyo kwa furaha.

"Mikono ikaniambia mwanangu yu hai," akasema Waziri. "Ikaniambia yuko kwenye joto, ataletwa. Haikuwa kweli. Alikuwa ameshafariki. Nilidanganywa."

Mwenyekiti akavua miwani. "Mikono ya nani?"

Waziri akalitafsiri swali. Pindo akanyoosha kidole. Sauti ya yule mtoto ilipasuka, akaiunganisha. "Ya huyu. Huyu anayewaambia sasa. Alinidanganya."

Dada wa kompyuta aliacha kuandika. Bwana wa tai akaniangalia kule nyuma. "Mama, wewe unaielewa lugha hii? Ndivyo alivyosema?"

Nikasimama, mlezi asiyetakiwa kusema kitu. "Ndivyo. Hajapunguza hata kidogo." Nikakaa, na machozi yakawa yananishuka bila kuniomba ruhusa.

Nisiwaweke roho juu: ufadhili aliupata, na leo anasomea kazi hiyohiyo. Lakini pale chumbani hakuna aliyekuwa anafikiria ufadhili, hata mimi, na mimi ndiye niliyeutaka kuliko wote.

Pindo alikuwa hajamaliza. "Nilimchukia," ikasema sauti. "Nilimnyima macho. Lakini kuna jambo sijamwambia mtu. Sisi hatuitani kwa sauti. Jina letu ni alama, na hatujipi wenyewe, tunapewa na wanaotupenda. Ile saa nilikuwa na mtoto aliye hai. Nikamtengenezea jina. Nikamwonyesha huyu, naye akalijaribu, akalikosea, nikamrekebisha. Tulilirudia. Saa ile sikupaswa kuwa nayo, alinipa kwa uongo, na sitamsamehe kwa uongo ule. Lakini mume wangu hakulipata jina lile, nilishindwa kumwonyesha. Duniani analijua huyu tu. Akiacha mikono hii, mwanangu hana mtu mwingine anayemjua. Ndiyo sababu nimekuja. Nataka asome."

Waziri alimaliza neno la mwisho, akafunga mdomo kwa nguvu. Hapo ndipo nilipoelewa mikono ile iliyokuwa ikicheza juu ya shuka. Maskini, nilikuwa nimeipita bila kuiona.

Mwenyekiti akauliza kwa sauti ya chini sana, "Naomba kujua, mtoto aliitwa nani?"

Swali likatafsiriwa. Pindo akamtazama Waziri kwanza. Kisha akainua mkono wa kulia, vidole viwili vimekunjwa, akaugusisha taratibu chini ya shavu, akaufungua. Mara moja tu.

Sote tukamgeukia Waziri. Akafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza siku ile hakikutoka kitu. Akajaribu tena.

"Halina sauti," akasema. "Sina namna ya kulisema."

Mwenyekiti akaweka kalamu chini. Akainua mkono wake mwenyewe, mkono wa mtu mzima wenye pete iliyombana, akakunja vidole viwili, akaugusisha kwenye shavu, akaufungua. Alikosea. Pindo akainuka, akazunguka meza, akamshika vile vidole kimoja kimoja, akaviweka sawa.